Aliyekunywa Sehemu ya Mbeko

Siku ile ya mvule tulikuwa watu sita kilimani, kwenye njia inayoshuka kutoka Fizi kuja Baraka. Nawataja wote. Alikuwapo Mzee Etabo, mkata miti, aliyetufundisha kazi. Alikuwapo Asukulu, mwanawe wa pekee, kijana mwenye mabega kama mlango, aliyeshika kamba. Alikuwapo Mama Asukulu, mke wa mzee, aliyetuletea bugali na samaki. Alikuwapo Mzee Kalenga, mwenye kilima, aliyepanda na kibuyu chake. Alikuwapo mdogo wangu Mbeko. Na mimi, Tomasi. Asubuhi tulipanda sote kwa miguu yetu. Mchana mmoja wetu aliteremka amelala kwenye machela ya fito na kamba, na hakuinuka tena.

Ninyi vijana mnaopasua mbao kwa mashine mnapita hapa kwangu mnaniuliza kama ni kweli tulikuwa tunapasua mvule kwa mikono. Ni kweli. Tulichimba shimo refu kuliko mtu, tukalaza gogo juu yake kwenye miti miwili, tukapiga mstari kwa uzi uliopakwa unga wa makaa. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine aliingia shimoni, na msumeno mmoja ukapita kati yetu, huyu avute, yule avute. Wa juu ndiye macho: anafuata mstari. Wa chini ndiye mgongo. Wa juu anapata upepo na sifa. Wa chini anapata vumbi la mbao, puani, machoni, mpaka kooni. Watu wakitaka kututania walituuliza, "Leo nani anakula na nani anaangalia?"

Mimi nilikuwa wa juu kwa sababu nilikuwa mkubwa. Baba alikufa kwanza, akafuata mama kabla hata nyasi hazijaota juu ya kaburi la baba. Nikabaki na Mbeko, na wadogo zetu wawili wa kike, Riziki na Machozi. Shule niliiachia hapo. Mwalimu wangu alikuja nyumbani kunisihi nirudi, nikamwonyesha Machozi analia njaa, naye akaondoka. Nikaenda kwa Mzee Etabo, nikamwambia nataka kazi. Akanitazama mikono.

"Hii ni mikono ya kushika kalamu," akasema. "Lakini haizuru. Muti itakutengenezea mikono mingine."

Mzee yule hakujua kufundisha kwa maneno mengi. Alikuwa anakuacha ukosee, halafu anacheka. Siku ya kwanza kunoa msumeno, nilinoa meno yote yaelekee upande mmoja, nikajivunia jinsi yalivyong'aa. Akaniacha nianze kupasua. Msumeno ukapinda ndani ya gogo, ukakwama, tukahangaika nao hadi jua likasimama utosini. Ndipo akaja. "Meno ya musumeno iko kama batu kwa baraza," akasema. "Mumoja anaangalia huku, mwingine anaangalia kule. Bote bakiangalia upande mumoja, kesi inakwama." Tangu siku ile sikukosea tena: jino moja kulia, jino moja kushoto, na mapindo yasizidi unene wa ukucha.

Kitu kingine alichotufundisha, naomba mkishike hata kama mna mashine. Mti ukikatwa, usitazame pale shoka linapoingia. Tazama kilele. Kilele kikianza kusogea, kama kinaandika angani, ondoka. Na usiondoke kwa kurudi moja kwa moja nyuma ya shina, maana mti mkubwa ukianguka huruka nyuma na kupiga teke kama punda. Ondoka kwa pembeni, nyuma na kando. Alitutembeza njia ile ya kukimbilia kabla ya kila mti, akifyeka majani na kuondoa mawe, na aliyecheka wakati huo alipigwa kwa mpini.

Mbeko alipofika umri wa kufanya kazi nilimwingiza shimoni. Alikuwa amesoma kuliko mimi, na shuleni walikuwa wamemwambia angeweza kuwa karani. Lakini karani anataka viatu, na sisi tulikuwa na wasichana wa kulisha. Akaingia shimoni.

Sasa, wapasua mbao wa zamani walikuwa na imani moja, na hii msiichukue. Walisema vumbi la mbao halishuki kwa maji. Maji yanalifanya uji, linaganda kifuani. Walisema dawa yake ni lutuku, ile pombe kali ya mihogo na mahindi inayopikwa mafichoni, kwa sababu inakwenda inaunguza, inasafisha njia. Kila mtu wa chini alikuwa na kichupa chake ukingoni mwa shimo. Serikali ya wazungu ilikataza lutuku, ilifunga watu, na bado kichupa kilikuwapo. Mimi wa juu sikuhitaji. Mbeko alianza kwa kusafisha koo. Baadaye koo likawa safi siku nzima.

Mtu hamjui mlevi mpaka afanye naye kazi ya msumeno. Nyumbani anaweza kukudanganya. Kwenye msumeno mikono yake inakuja hadi kwenye mikono yako kupitia chuma. Nilisikia Mbeko akitetemeka kule chini kabla sijamwona akitetemeka. Mbao zetu zikaanza kutoka nene huku, nyembamba kule. Bwana wa barabara, mzungu aliyetaka mbao za daraja, alizipiga teke akasema zirudishwe porini zilikotoka. Kisha tupa ya kunolea ikapotea. Tuliitafuta kwenye vumbi kama watu wanaotafuta mtoto. Mzee Etabo akaja, akaona uso wa Mbeko, akajua.

"Tomasi, acha kutafuta. Mudogo yako amekunywa tupa," akasema. "Na kesho atakunywa musumeno. Hapo tutasikia habari, maana ile iko na meno."

Tulicheka. Hata Mbeko alicheka. Halafu akakaa kwenye ukingo wa shimo, akaanza kulia huku bado anacheka.

Nilimpiga. Nilimfungia. Nilimwapisha kwa kaburi la mama. Riziki alimpikia mizizi aliyoelekezwa na bibi mmoja wa kijiji cha Nundu, Mbeko akatapika siku mbili, akapona, akanywa. Alikuwa akiniambia, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "Yaya, mi sitaki. Mukono ndio inataka."

Aliyempata ni Mwalimu Yona, mhubiri wa kanisa dogo la nyasi pale njia ya ziwani. Katika kanisa lile walevi waliotaka kutubu waliketi benchi la nyuma, na kila Jumapili walisimama wakasema mbele ya watu kama wiki imepita safi au la. Mbeko alisimama Jumapili nyingi akasema, "La." Watu walichoka naye. Mama mmoja alisema kwa sauti, "Huyu anakuja kutupa ripoti tu." Mwalimu Yona hakuchoka. Siku moja alikuja shimoni kwetu, akavua koti, akashuka hadi alipokuwa Mbeko, akasimama naye kwenye vumbi.

"Mbeko, sitakuombea kiu iishe," akasema. "Pengine Mungu hataiondoa. Nitakuombea ukuwe na kiu na usikunywe."

"Mpaka lini, Mwalimu?"

"Mpaka jioni. Jioni nitarudia."

Na akarudia. Alikuja kila jioni, mzee yule mwenye miguu mibovu. Mbeko alitetemeka, alitoka jasho lenye harufu ya chungu cha lutuku, aliona wadudu ambao hawakuwapo. Tulipofanya kazi alikuwa anaimba nyimbo za kanisa, akivuta kwenye neno na kuachia kwenye pumzi, nami juu nikajikuta navuta kwa wimbo ule ule, mimi ambaye kanisani nilikuwa nakwenda kwa ajili ya wasichana tu. Polepole msumeno ukatulia. Mbao zikanyooka. Jumapili moja Mbeko alisimama akasema, "Ndiyo, imepita safi," na yule mama wa ripoti akapiga vigelegele. Akabatizwa ziwani. Wengine husema wokovu ni furaha. Mimi nilichokiona kwa mdogo wangu ni mtu aliyeshika mzizi katikati ya mto. Hakuwa akiogelea. Hakuwa akiimba kwa raha. Alikuwa hajaachia tu.

Hapo ndipo tukapata kazi ya mvule.

Bwana wa barabara alitaka mbao za daraja kabla ya mvua, na mti pekee wa kutosha ulikuwa kwenye kilima cha Mzee Kalenga. Kwa desturi ya kwetu, mti mkubwa haukatwi mkavu. Mwenye kilima huleta pombe, anamwaga kidogo kwenye mizizi, kisha kila anayefanya kazi hapo anakunywa sehemu yake kutoka kibuyu kile kile. Asiyekunywa ni kama amejitoa: mti ukimwangukia mwenzake, ni yeye aliyetaka. Zamani ilikuwa kasiksi, pombe ya ndizi, tamu, ya kunywa hata watoto. Lakini mwaka ule migomba ya Kalenga ilikuwa imeungua jua, na kibuyu cha kasiksi ni kizito kwa mzee kupanda nacho kilima. Akaleta lutuku.

Kibuyu kikazunguka. Alikunywa Kalenga, akanywa Etabo, akanywa Asukulu, nikanywa mimi. Mama Asukulu hakuhesabiwa, kwa kuwa hakushika chombo cha kazi. Kikafika kwa Mbeko. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akakiweka chini.

"Wazee, munisamehe. Mi nilitoka mule."

"Hii si kulewa," Kalenga akasema. "Hii ni ya muti."

"Najua, baba. Lakini mukono yangu haijui tofauti."

"Basi toka hapa kwa kilima yangu. Na kaka yako pia. Sitaki damu kwa udongo yangu sababu ya dini ya batu."

Mimi nilimtazama Mbeko. Nyumbani hakukuwa na unga. Riziki alikuwa na homa. Moyoni nilimwambia, kunywa, tone moja, Mungu ataelewa. Mbeko alinitazama, akajua nilichokuwa nasema moyoni, na macho yake yakanijia kama ya mtu ninayemsukuma ndani ya maji. Hakukichukua.

Ndipo Mzee Etabo akacheka.

"Lete hapa. Mi sina dini, na tumbo yangu iko na nafasi. Kalenga, desturi inasema sehemu ya kila mutu inywewe. Haikusema inywewe na mudomo gani. Huyu ni mutoto yangu wa kazi. Mi nakunywa ya kwake."

"Baba Asukulu," mke wake akasema, "ile ni kali. Na hujakula."

"Nitakula juu yake. Itapata kitanda."

Akanywa sehemu ya Mbeko, na ilikuwa kubwa, kwa kuwa Kalenga, kwa hasira, alimjazia mpaka juu. Akapangusa ndevu, akamwambia Mbeko, "Sasa unanidai nini? Hakuna. Shika shoka."

Tulikata tangu asubuhi. Mzee alikuwa anaimba, anakosea maneno, anarudi mwanzo. Alitusimulia tena ile hadithi ya tupa iliyonywewa, tukacheka tena. Njia ya kukimbilia aliifyeka nusu, akasema inatosha. Nililiona hilo. Mti ulipoanza kulia ndani, nikatazama kilele kama alivyonifundisha, kikaandika angani, nikapiga kelele, nikaondoka kwa pembeni. Mbeko akaondoka kwa pembeni. Asukulu alikuwa mbali, anavuta mti kwa kamba yake. Mzee Etabo alibaki nyuma ya shina, amesimama wima, mkono kiunoni, anautazama mti kama mtu anayemsindikiza mgeni. Alikuwa anatabasamu. Shina likaruka.

Sitasema zaidi juu ya hilo. Mama Asukulu ndiye aliyefika kwake wa kwanza.

Kalenga alisema palepale, na kijiji kizima kilisema baadaye: ni yule wa dini, hakunywa, mti ukachukua. Mimi nilijua hesabu nyingine. Mti hauna masikio ya kusikia nani amekunywa. Lakini mzee mwenye tumbo tupu na lutuku ya watu wawili hana miguu. Nilipompima Mbeko kwa macho niliona naye anajua. Hesabu zote mbili ziliishia kwake. Ya kijiji na ya kwangu.

Kwenye matanga pombe ilikuwa nyingi kuliko maji. Wanaume waliketi wamezunguka mitungi, na Mbeko aliketi kati yao, kwa sababu kukaa mbali kungekuwa kumtukana marehemu. Alikuwa na kikombe cha maji. Kila aliyepita alimtupia neno. Mwisho Asukulu mwenyewe alisimama, amelewa, macho mekundu, akamwekea kata ya lutuku mbele ya miguu.

"Kunywa sasa, mukristo. Ule wa kukunywia hayuko tena."

Niliona mkono wa Mbeko ukienda. Naapa niliuona. Ulifika kwenye kata, ukaishika, na nikasema sasa basi, yamekwisha, na Mungu anisamehe, nilihisi hata kama nimepumzika. Nimechoka kulinda mtu, nikasema, na aende. Mbeko akainua kata. Halafu akaimwaga taratibu udongoni, kama Kalenga alivyomwaga kwenye mizizi, akasema, "Hii ni ya Baba Etabo," akairudisha kata mikononi mwa Asukulu. Asukulu akampiga nayo usoni. Mbeko hakuondoka. Alikaa mpaka matanga yakaisha, na jicho moja limevimba.

Mwalimu Yona alisema huo ni ushindi. Mbeko akamwambia, "Mwalimu, usiite hivyo."

Baada ya maombolezo tulikwenda kwa Mama Asukulu na mbuzi, pamoja na Mbeko na Riziki, mimi kama mkubwa wa nyumba yetu, kama inavyotakiwa. Alitufungulia. Alimtazama mbuzi, akamwambia Riziki amrudishe nyumbani.

"Sitaki kitu ya kula," akasema. Akamgeukia Mbeko. "Bwana yangu alikunywa ya kwako ili weye ubaki kwa kanisa. Sivyo?"

"Ni vile, mama."

"Basi kanisa imepata mutu kwangu. Na mutoto yangu tangu siku ile halali bila lutuku. Kwa hiyo lutuku imepata babili: baba na mwana. Mi nimebaki na nani? Unirudishie mumoja. Yule mufu sikuombi. Unirudishie Asukulu, akuwe kama weye."

"Mama, hiyo si kazi yangu. Mungu ndiye…"

"Mungu sikumuona kwa kilima siku ile. Nilikuona weye."

Mbeko alikubali. Hakuwa na namna nyingine. Akaanza kumfuata Asukulu kama Mwalimu Yona alivyokuwa amemfuata yeye. Kila jioni, baada ya shimo, bado ana vumbi kwenye nyusi, alikwenda kumtafuta mahali wanapopika lutuku, akiketi kati ya vyungu na harufu ile ambayo mwili wake wote ulikuwa unaijua. Nilimwambia, wewe ni mtu aliyeungua, usilale jikoni. Akasema, "Yaya, ndiko anakokaa." Asukulu alimtukana, alimtemea, siku nyingine alilala begani pake. Mara moja Asukulu alikuja kanisani, akaketi benchi la nyuma. Jumapili iliyofuata alisimama akasema, "La," akatoka nje, hakurudi tena. Mbeko alibaki ametazama ule mlango kana kwamba kuna mtu bado amesimama pale.

Msumeno tuliendelea nao. Nilimwambia abadilishane nami, awe wa juu, nishuke mimi, na alipokubali kifua kilikuwa kimeshaharibika. Alikohoa vumbi la miaka. Wapasua mbao wenzetu walimwambia, kwa huruma ya kweli, anywe kidogo, kifua kisafike. Alikufa kabla ya Uhuru, mchana wa jua kali, hajaonja tangu ile siku aliyobatizwa. Maneno yake ya mwisho kwangu hayakuwa ya mbinguni. Alisema, "Yaya, Asukulu bado."

Kwenye maziko yake hapakuwa na pombe, kwa kuwa kanisa ndilo lililozika. Mama Asukulu alikuja, akatupa udongo, akanijia niliposimama na wasichana wetu.

"Alikuwa mutu ya kweli," akasema. "Lakini hakumaliza."

"Najua, mama."

"Weye ni yaya yake."

Kwetu mkubwa hurithi. Baba yetu aliniachia shoka na watoto watatu. Mbeko aliniachia Asukulu. Na mimi si Mbeko, msije mkadhani. Imani yangu ilikuwa ya kwenda na kurudi, ya mtu aliyefika kanisani kwa kusindikiza wengine. Lakini niliifunga kiunoni hiyo hiyo kidogo, nikashuka hadi kwenye vyungu, nikaketi alipokuwa anaketi mdogo wangu.

Asukulu aliniangalia. "Yaya Tomasi. Na weye uko na dini?"

"Niko nayo kidogo."

"Nipe basi hiyo kidogo nionje."

Nilifungua mdomo. Nilitafuta lile neno la Mwalimu Yona, la kiu mpaka jioni, nikaliona halitoki kwangu, kwa sababu sijawahi kuwa na kiu ile. Nilikaa naye tu. Kibuyu chake kilipoisha nilimshika mkono, tukapanda polepole hadi kwao. Mama yake alikuwa mlangoni. Alimpokea, akamlaza, akarudi, akanitazama bila hasira.

"Kesho?" akauliza.

"Kesho, mama."

Yule mama amekwisha kufa. Asukulu yu hai, mzee kama mimi, meno hana, na mchana huu yuko pale chini karibu na soko, mnampita kila siku mkimwita kwa majina ya kuchekesha. Jioni nitashuka tena kumchukua. Mguu wangu mmoja haukubali tena mteremko, na nyumbani kwangu hakuna aliye mdogo wangu wa kumwachia. Bado nadaiwa mtu mmoja.